Nilikwenda kwenye tamasha la tende Liwa, nikagundua tende sikuwa naijua

mwanaWete (mleta uzi)

Assalaam alaykum, na habari zenu wakuu wote. Uzi huu niliuahidi tangu Ramadhani, kwenye ule mjadala wa futari, pale mmoja wetu alipouliza kama kweli kuna tofauti baina ya tende na tende. Leo sina zamu, nyumba imetulia, naandika. Utakuwa mrefu, tuvumiliane.

Mimi ni mtu wa Pemba, nafanya kazi ya ghala Musaffah, Abu Dhabi, mwaka wa sita huu. Tende niliyokulia ni ile nyeusi iliyoshindiliwa kwenye mfuko wa nailoni mpaka ikawa tofali. Mama alikuwa anaibandua kwa kisu alichokichovya maji, anatugawia tatu tatu, na kokwa tunazikusanya tukachezee bao. Nilipokuja huku nikaziona za maboksi, safi, za kung'aa, nikasema basi hizi ndizo zenyewe. Nilikuwa bado.

Julai iliyopita mwenzangu wa kazini, Muomani, aliniambia babake anakuja kutoka Buraimi na anataka apelekwe Liwa kwenye tamasha la tende. Mzee huyu kazaliwa Unguja. Familia yao iliondoka 1964 yeye akiwa mtoto wa miaka tisa, na Kiswahili chake ni kile cha Mji Mkongwe cha zamani, kimekaa kama kilivyoachwa. Nilipomwamkia "Shikamoo mzee wangu" alinyamaza kidogo kabla ya kuitika marahaba. Akasema, "Wewe utakaa na mimi huku nyuma, mwanao atatuendesha." Mwanawe aliyekuwa kwenye usukani akacheka, maana mwanao ndiye yeye.

Liwa iko mbali. Kutoka mjini Abu Dhabi ni zaidi ya kilomita 200 kuelekea kusini-magharibi. Unapita Madinat Zayed, halafu mchanga unaanza kubadilika rangi, unakuwa mwekundu, na vilima vinapanda. Ukishaona hivyo ujue umefika ukingoni mwa lile jangwa kubwa la Rubu al-Khali. Gari lilikuwa linasoma nyuzi 47 nje. Halafu hapohapo kwenye mchanga unaona kijani: mashamba ya mitende yamejipanga bondeni, moja baada ya jingine, kwa sababu chini ya vilima vile kuna maji. Ndiko lilikotoka kabila la Bani Yas, na watawala wa Abu Dhabi asili yao ni huko. Tamasha lilianza 2005 na hufanyika kila mwaka mwezi wa Julai, kwa wiki mbili hivi, kwenye joto kali kuliko yote, kwa kuwa ndipo tende zinapoiva. Tende haikungojei upate hali ya hewa nzuri.

Njiani mzee alikuwa anahadithia majahazi. Alipokuwa mdogo, kaskazi ikivuma, majahazi ya Omani na Ghuba yalikuwa yanafunga bandarini Unguja na tende, papa mkavu, chumvi na mazulia. Yanakaa kungojea kusi, yanarudi na boriti za mikoko na karafuu. Akanikumbusha na meli *Sultana* ya Sayyid Said, iliyopakia Maskati na Zanzibar ikafika New York mwaka 1840, na katika shehena yake mlikuwa na tende, kahawa, pembe za ndovu na karafuu. "Karafuu ya kwenu Pemba na tende ya kwetu zimelala ngama moja," alisema. Ngama, yaani tumbo la chombo panapowekwa shehena! Neno hilo sikulisikia tangu alipofariki babu yangu.

Naendelea, naweka chai kwanza.

bintiPangani

Tupo mkuu, tumekaa mkao wa kula. Swali moja tu: zile za njano zinazouzwa zikiwa bado kwenye vijiti vyake ndizo tende mbichi? Niliwahi kuletewa kutoka Dubai, nikala moja ulimi ukakauka wote.

mwanaWete

Bintipangani hapo ndipo penyewe, ngoja nifike ndani utaelewa.

Tumeingia baada ya sala ya alasiri. Mahema makubwa, ndani baridi, hakuna aliyetudai kiingilio. Kitu cha kwanza ni harufu. Si harufu ya tende ninayoijua mimi. Ilikuwa kama miwa iliyokatwa sasa hivi, imechanganyika na asali. Mbele yangu meza ndefu zimejaa sinia na vikapu, kila kimoja kina namba bila jina la mwenyewe ili waamuzi wasijue ni za nani. Kila aina ina mashindano yake: Khalas ya rangi ya asali, Dabbas, Khenaizi nyekundu ya kuiva, Fard ndogo nyeusinyeusi, Bu Maan kubwa kubwa. Waamuzi wanaangalia ukubwa ulingane, rangi ilingane, pasiwe na baka wala mdudu. Na hawaishii hapo, hukaguliwa hata shamba lenyewe: usafi wake, na namna mkulima anavyotumia maji. Mzee anasema tende nzuri kutoka shamba chafu haishindi.

Sasa mzee akaniita kwenye meza ya mkulima mmoja. Akachukua tunda akaniwekea kiganjani, akaniambia nisile kwanza, nitazame. Lilikuwa na rangi mbili. Upande wa kikonyo lilikuwa la njano, gumu, linang'aa kama embe mbichi. Upande wa ncha lilikuwa la kahawia, limelainika, ngozi imelegea na kuanza kukunjamana, unaona mwanga ukipita ndani. Mpaka baina ya rangi hizo umenyooka kana kwamba mtu kaupiga rula. Tende huivia nchani, ukomavu unapanda juu taratibu mpaka kwenye kikonyo. Nikaitia mdomoni. Huku inavunjika kama tunda bichi la baridi, huku inayeyuka kama asali, na katikati mate yanajaa.

Mzee akasema: "Unakula tende toka utotoni mwanangu, lakini ulikuwa hujala rutab. Ile ya mfuko ni tamr."

Wakuu, mwili ulinisisimka. Madrasa tulisomeshwa hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa rutab kabla ya kusali, akikosa rutab basi kwa tamr, na akikosa basi mafunda ya maji. Maalim alitufasiria "tende mbichi" na "tende kavu", nami nikaikariri miaka yote nikidhani mbichi ni ile laini ya boksi. Siku ile, kwenye hema, na umri wangu huu, ndipo nilipoyaonja maneno ya hadithi yenyewe.

bwanashamba_moro

Mleta uzi umenigusa. Niongezee kidogo maana mimea ndiyo kazi yangu.

Tunda la mtende lina hatua tano na Waarabu wana jina la kila hatua. Likianza tu ni hababuk, dogo kama mbegu ya mbaazi. Linafuata kimri, la kijani na gumu. Kisha khalal, wengine huiita bisr: limefikia ukubwa wake, limekuwa la njano au jekundu kulingana na aina. Kisha rutab, limelainika. Mwisho tamr, limepoteza maji mengi na linaweza kukaa ghalani mwaka mzima.

Bintipangani, ulichokula ni khalal. Ule ukakasi ni ule ule wa bibo au ndizi ambayo haijaiva. Aina nyingi huwezi kuzila katika hatua hiyo, ila Barhi ni tamu hata ikiwa ya njano, ndiyo maana huuzwa na vijiti vyake.

Na ndiyo sababu huku kwetu tunaijua tamr peke yake: rutab haisafiri bila ubaridi. Jahazi lililokaa baharini wiki kadhaa lingeweza kuleta nini kingine?

mwanaWete

Ahsante sana bwanashamba. Na hapo nilete jambo ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile.

Nilimwuliza mzee, mbona Kiswahili kilichochukua maneno mengi hivyo kutoka Kiarabu hakina majina ya hatua hizo, yote sisi ni "tende" tu? Akaniuliza yeye: "Nazi mnaiitaje?" Nikaanza kuhesabu. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tano! Akasema Muarabu wa Liwa ukimpa vyote hivyo atakwambia ni nazi tu. Mtu hutia majina kile anachokiona kikikua mlangoni kwake. Sisi tende tumeipokea ikiwa imeshamaliza safari, kama mtu anayemjua jirani yake siku za uzee wake tu. Mpaka leo nikitazama boksi la tende dukani nafikiria hilo.

Kapera wa Kimara

Mkuu na yale mashindano ya kole kubwa, yaani shada zima la tende? Niliona video, watu wanabeba kole kama wanabeba jeneza.

mwanaWete

Nililiona. Kole linaingizwa na watu wanne, limening'inizwa kwenye mti mabegani. Washindi huwa wanapita kilo 100. Kole moja, wakuu! Gunia la unga na zaidi. Linapopandishwa kwenye mizani ukumbi unanyamaza, halafu namba ikitoka vijana wanashangilia kama mpira.

Lakini nilichokaa nacho zaidi si uzito, ni kazi. Yule mkulima wa ile meza alikuwa mzee wa makamo, mikono imekwaruzwa na miba, akawa anaeleza na mzee wangu ananifasiria. Mtende una dume na jike, mti mbalimbali. Ukiuachia upepo, mazao yanakuwa hafifu. Kwa hiyo mwisho wa baridi karara, yale maganda yanayofunika maua, zinapopasuka, mtu anapanda dume, anakata maua yake, anapanda kila jike anayachomeka katikati ya maua ya jike na kuyafunga. Dume mmoja anatosha majike kama 50. Baadaye anapanda tena kupunguza vijitunda ili vinavyobaki vinenepe. Anapanda tena kulikunja kole na kulifunga kwenye kuti lisivunjike kwa uzito. Anapanda tena kulivika wavu, ndege na manyigu wasilimalize. Halafu anapanda kuvuna, na si mara moja, maana matunda ya kole moja hayaivi siku moja. Nilipomwambia kuwa kwetu mkwezi wa minazi anapanda na kitanzi cha kamba miguuni, alitaka nimwoneshe kinavyofungwa. Wao hutumia mkanda unaozunguka kiuno na shina. Tulikaa chini pale mimi na yeye na kamba ya kufungia boksi, nikafunga, akafungua, akafunga mwenyewe.

Na hili nitalisema kwa sababu naliamini. Zawadi ni kubwa, zinafika mamilioni ya dirhamu kwa jumla, na mwenye shamba anapanda jukwaani na kupigwa picha. Anastahili. Ila wanaopanda ile mitende siku nyingi za mwaka ni vijana wa Bangladesh na Pakistan. Nilimwona mmoja kasimama nyuma kabisa ya hema na nguo za kazi, ananyoosha shingo kutazama kole likipimwa. Namba ilipotangazwa aliinua mikono miwili juu. Bila shaka alikuwa analijua kole lile kuliko mtu yeyote mle ndani. Ningependa kumwona naye akiitwa mbele.

bintiPangani

Hapo umesema mkuu. Hata kwetu anayesifiwa ni mwenye shamba, mkwezi anapewa nazi zake mbili.

Mama Zubeda Mtwapa

Ndugu yangu mwanaWete, wanawake hawakuwepo? Au ni mambo ya wanaume tu?

mwanaWete

Walikuwepo dada yangu, na nilikuwa naelekea huko. Kuna sehemu ya kazi za mikono, akina mama wamekaa kwenye mkeka wanasuka makuti ya mtende. Nilisimama mbele ya bibi mmoja mwenye barakoa yao ile ya usoni. Mikono yake inakwenda yenyewe, macho yako kwa mjukuu. Anasuka ukili. Ukili ule ule! Mwembamba, mrefu, umejikunja pembeni yake kama nyoka aliyelala, mwengine umetiwa rangi ya zambarau na kijani. Pembeni kaweka vitu vilivyokamilika, na kimojawapo nilikijua kabla sijaambiwa: kawa la kufunikia chakula, limechongoka kama la kwetu. Mama yangu analo jikoni mpaka leo. Nilimwonesha bibi yule picha ya mama kwenye simu akiwa anashona mkeka barazani, akaikuza kwa vidole viwili, akatazama mishono, akatikisa kichwa kukubali. Hatukuwa na lugha ya pamoja na hatukuihitaji.

bwanashamba_moro

Wala si ajabu. Mkindu wetu, huo unaotupa ukindu wa mikeka, ni ndugu wa damu wa mtende, wako jenasi moja ya Phoenix. Matunda yake ni madogo na hayana nyama ya maana, lakini ukoo ni mmoja.

Ekai_Lodwar

Samahani kuingilia, na kwetu Turkana mitende ipo, kando ya mto Turkwel, na inazaa. Watu wengi wa pwani hawajui kuwa Kenya ina tende zake.

Kapera wa Kimara

Kwa nini basi pwani haizai? Nyumbani kwetu upo mmoja uani, mrefu, haujawahi kutupa tunda la kula.

bwanashamba_moro

Mtende unataka kichwa motoni na miguu majini. Maji ya ardhini yawe mengi, lakini hewa iwe kavu na ya moto wakati tunda linaiva. Pwani yetu ina unyevunyevu na mvua huja wakati mbaya, tunda linapasuka, linachacha, linaoza mtini. Turkana ni kukavu, kuna joto na kuna mto. Sababu nyingine huenda ni kuwa mtende wako ni dume, au jike asiye na dume jirani.

Mbongo_Minnesota

Uzi mtamu huu. Huku Marekani tende kubwa inayotamba ni Medjool. Asili yake Morocco. Mwaka 1927 mtaalamu wa serikali Walter Swingle alipewa machipukizi 11 huko Morocco wakati ugonjwa unaiua mitende, yakaja kutengwa Nevada, yakapona 9. Zao la Medjool la California na Arizona limetokana na hayo. Kila nikila naikumbuka hiyo hesabu ya tisa.

mwanaWete

Ahsante Mbongo, hiyo ni elimu. Na inaendana na alichosema yule mkulima: ukitaka tende ile ile usipande kokwa, chukua chipukizi la shina la mama. Kokwa ni bahati nasibu, nusu yatakuwa madume, na tunda la jike hulijui mpaka lizae.

Ekai, nikijaliwa nitafika Lodwar kuiona mitende hiyo kwa macho.

Sasa nimalizie na tahadhari kwa atakayekwenda. Nilinunua maboksi matatu ya rutab, mawili ya Khalas na moja la Khenaizi. Tumefika Abu Dhabi saa saba usiku, nimechoka, boksi moja nikalisahau kwenye buti la gari. Kesho yake mchana nafungua, harufu ya siki ikanipokea. Siku moja tu! Rutab ni kama samaki, iweke kwenye ubaridi tangu dakika ya kwanza. Ukiitia kwenye friza inakaa miezi, na ukiitoa uile ikiwa bado ina barafu kidogo, utanikumbuka.

Nimefikiria sana pia mambo ya kwetu. Kule Unguja na Pemba tuna embe boribo, dodo, shomari, muyuni, na kila kijiji kinajua mti wa nani hauna mpinzani. Natamani siku moja nione mwenye mti huo ameitwa na embe zake, zikawekwa mezani kwa namba bila jina, watu wazima wakazionja na kubishana kwa heshima. Nitakwenda hata kama ni mwisho wa dunia.

Mama Zubeda Mtwapa

Na yale maboksi mawili? Usituache hewani.

mwanaWete

Moja tulilimaliza sisi wa ghalani, watu wa nchi tano, kwa kahawa chungu. Moja nililigandisha, nikampa kijana wa Chake aliyekuwa anarudi nyumbani, akalibeba ndani ya begi la barafu. Ndege mpaka Unguja, kisha boti mpaka Pemba.

Mama alinipigia usiku ule. Swali la kwanza: "Hizi mbona zina maji, hazijaharibika?" Nikamweleza ile hadithi ya rutab na tamr. Akanyamaza, nikasikia anatafuna. Akasema, "Kumbe Maalim alikuwa anasema hii." Maalim aliyetusomesha sisi ndiye aliyemsomesha na yeye.

Kokwa hakuzitupa. Alizifukia saba kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Nikamwambia yote mliyoniambia hapa na niliyoambiwa kule, kwamba Pemba mvua nyingi, kwamba nusu huwa madume, kwamba miaka itapita kabla ya kujua. Akajibu kuwa likitoka dume atachukua makuti asukie ukili.

Juzi wadogo zangu wamenitumia picha. Tatu zimeota. Kila moja ina jani moja tu, jembamba, limesimama wima kama sindano ya kushonea mikeka.